Njia ya Bibi

Palikuwa na mfumi mmoja, jina lake Vuai, na Vuai huyo alikuwa na kitanda cha kufumia alichorithi kwa baba yake, kitanda ambacho hakikuwahi kulala tupu hata siku moja. Nimesema kitanda cha kufumia. Wenzangu mliozoea nguo za dukani msianze kufikiria godoro. Ni miti minne iliyochimbiwa chini, na boriti mbili, moja mbele na moja nyuma, na kati ya boriti hizo zimetandwa nyuzi kwa urefu, mamia ya nyuzi, zimekazwa hadi ukizigusa zinalia. Huo ndio mtande. Kila uzi wa mtande unapita ndani ya kitanzi chake, na vitanzi vimening'inizwa kwenye fito nne. Mfumi akikanyaga kwa miguu, fito hizi zinapanda na zile zinashuka, mwanya unafunguka, naye anapitisha hapo uzi wa kukingama, ndio mshindio. Anaupiga kwa chanuo, kile kitana ambacho mtande unapita kati ya meno yake, ukae. Anakanyaga tena. Ukiitazama kazi hiyo kwa mbali utadhani ni miguu tu.

Lakini nakshi haitoki miguuni. Inatoka kwenye vitanzi: uzi upi umeingia ufito upi. Ukikosea hapo, utakanyaga mpaka miguu ivimbe na nguo itakayotoka siyo uliyoitaka. Nguo ya kina Vuai ilikuwa na mistari ya mshazari, inapanda kwenda upande mmoja, na katika mtaa ule wa wafumi hakuna mwingine aliyeweza kuitoa. Wengine walifuma nguo sawa, juu moja chini moja, basi. Ya kina Vuai ndiyo iliyomfunika kila bibi harusi wa mtaa siku ya kutoka kwao. Na karibu na pindo la kushoto, mistari ile ilikatika, ikafanya mfereji mwembamba uliotembea toka mwanzo wa nguo hadi mwisho. Mfereji huo waliuita Njia ya Bibi. Walisema bibi yao wa kwanza, yule aliyekitega kitanda, akapanga uzi kwa uzi vitanzini, aliiacha njia hiyo makusudi ili bibi harusi aishike kwa kidole asipotee aendako. Wasichana walikua wakiingojea. Mtu akifunikwa, jambo la kwanza anaitafuta njia kwa kidole, akiipata machozi yanamtoka, na wanawake wanapiga vigelegele mpaka mtaa wa pili wanasikia.

Sasa isikieni desturi yao, maana mambo yote yako hapo. Nguo ikiisha, mfumi huikata kitandani. Vuai aliikata, lakini aliacha ncha za mtande wa zamani, urefu wa shibiri hivi, zikiwa bado zimo ndani ya vitanzi. Kisha alileta mtande mpya na kuufunga kwenye ncha zile, uzi kwa uzi, fundo dogo kwa fundo dogo, kuanzia pindo hadi pindo. Akishamaliza huvuta polepole, mafundo yapite vitanzini, yapite kwenye chanuo, na kitanda kimeshavaa nyuzi mpya kwa mpango ule ule wa zamani. Hakuna aliyehitaji kuujua mpango wenyewe. Baba yake Vuai alifunga kwenye ncha za baba yake, na Vuai alifunga kwenye ncha za baba yake, na kila mmoja alisifiwa kwa mikono myepesi. Mzee alipokuwa hajiwezi tena, aliomba ainuliwe, aketishwe mbele ya kitanda. Akauchukua mkono wa mwanawe akauweka juu ya nyuzi, akamwambia, "Nakuachia kilicho hai. Kisije kikafa mkononi mwako."

Tangu siku hiyo Vuai hakupumua vizuri. Msidhani natia chumvi. Mtu akiachiwa shamba, atalala, shamba halikimbii. Yeye aliachiwa nyuzi. Aliogopa panya, akaleta paka. Akamwogopa paka kwa sababu ya kucha zake, akamfukuza. Visu havikuingia chumba kile isipokuwa kimoja, na hicho alikifunga kiunoni mwake hata akienda kusali. Mgeni akipiga chafya mlangoni Vuai alishtuka. Mwenyewe aliona haya kwa hofu hiyo, akaifunika kwa ukali, na watu wakasema, ah, huyu fundi kweli kweli, angalieni anavyoiheshimu kazi.

Na chini ya hofu hiyo palikuwa na hofu nyingine ambayo hakumwambia mtu, hata mkewe Zuwena alipokuwa hai. Vuai hakujua kutega. Alijua kufunga, alijua kukanyaga, alijua kupiga chanuo hadi nguo inakaa imara. Ila ungemwekea fito tupu na bunda la nyuzi ukamwambia, haya, tuanzie mwanzo, angekutazama tu. Hakuwa amefundishwa. Baba yake naye hakufundishwa, na Vuai alikuwa mtu mzima tayari alipolitambua hilo. Aliwahi kujiwa na mfumi wa mtaa mwingine, kijana wa watu, kwa adabu zake zote, akimwomba amwonyeshe namna ya kupanga vitanzi. Vuai akamjibu kwa sauti ya mtu mkubwa, "Hii haifundishwi, bwana. Hii inapokewa." Kijana akaondoka kichwa chini. Jioni hiyo Vuai hakula.

Alikuwa na binti mmoja, Mize. Binti huyu alizaliwa na maswali. Alipokuwa mdogo alikuwa akilala chini ya kitanda, macho juu, akitazama fito zinavyopokezana, na huko chini ndiko maswali yalikotokea. Kwa nini huu umepanda na ule haukupanda? Kwa nini njia ya Bibi haihami? Vuai alikuwa akimjibu, "Ndivyo ilivyo," na akizidi kuuliza alikuwa akimtuma maji. Alimfundisha kufunga mafundo, kwa kuwa mikono ilihitajika, lakini kwenye vitanzi alimpiga vidole. Hakuwa baba mbaya. Alikuwa anaogopa kuulizwa mbele ya watu jambo asilolijua, na aliyemtishia kwa hilo zaidi ya wote alikuwa mtoto wake mwenyewe.

Mize akakua, akaposwa, siku ikawekwa. Mtaa mzima ukafurahi, maana nguo ya harusi ya binti wa mfumi haiwezi kuwa nguo ya hivi hivi. Vuai alinunua uzi mzuri kuliko wote aliowahi kununua, akatanda, akafunga mafundo kwenye ncha za zamani, akavuta. Yakapita. Akashusha pumzi. Akaanza kufuma, na alipofika kama robo ya nguo aliona jambo ambalo mwanzo alijifanya hakuliona. Nyuzi za upande wa kulia zilikuwa zimelegea. Za kushoto zilikuwa zimekaza mno, zinakatika. Mistari ya mshazari ikaanza kulala. Akakaza boriti, ikalegea tena. Akainama kuangalia mguu wa nyuma wa kitanda, akaubonyeza kwa kidole gumba, na kidole kikazama ndani ya mti.

Mchwa. Nje mti ulikuwa mzima, una rangi yake, unang'aa kwa mikono ya wazee wote walioushika. Ndani palikuwa na udongo.

Alimwita Machano seremala, akamwapisha kwanza kwamba hatasema kwa mtu. Machano akagonga mguu huu, akagonga mguu ule, sikio kwenye mti. Akasimama akajipangusa magoti. "Ndugu yangu, miguu yote minne imeliwa. Kukutengenezea mipya si kazi. Lakini lazima tukibomoe hiki, na ili tukibomoe lazima ukate nyuzi utoe fito." Vuai akamwambia hakuna kukata. Machano akajaribu kumweleza kwamba kitanda kitaanguka, leo au kesho, na kikianguka chenyewe kitafanya vibaya kuliko kikibomolewa. Vuai akarudia maneno yale yale, hakuna kukata, na jinsi alivyoyasema Machano akaokota mfuko wake wa vifaa akaenda zake. Seremala gani atabishana na mtu ambaye midomo inamtetemeka?

Basi fundi wetu akaanza kutibu. Mguu mmoja akauegemeza mawe. Wa pili akaufunga kamba hadi kwenye dirisha. Akachanganya mafuta ya taa na majivu akapaka, nyumba nzima ikanuka, wageni wakauliza, akasema anaua kunguni. Kila asubuhi kabla ya kunywa chai alikwenda kutega sikio kwenye mti, na alisikia, au alidhani anasikia, ile michakacho midogo ya kutafuna. Alifuma akiwa amekalia ncha ya ubao, tayari kuruka akidake kitanda kwa mikono. Uzi ukikatika moyo unamwenda mbio hadi aupate na kuuunga pale pale, kwa sababu akipoteza mahali pake hatajua ulikuwa wa kitanzi gani. Akakonda. Mize akamwambia, "Baba, mwite Machano." Akamwambia asiingilie. Mize akasema harusi yenyewe inaweza kusogezwa, nguo ingoje. Hapo baba akapiga kelele ambazo hajawahi kumpigia mtoto huyo, kwamba hakuna kitakachosogezwa, hakuna kitakachobomolewa, kila kitu kiko sawasawa, sawasawa kabisa, na huku nyuma yake jiwe moja likateleza kidogo chini ya mguu na wote wawili wakalisikia.

Kitanda kilianguka mchana, watu wakiwa sokoni. Wala hakikuanguka kwa kishindo. Mguu wa nyuma ulikaa chini tu, kama mzee aliyechoka, boriti ikauvuta mguu mwenzake, kamba ya dirishani ikashika kwa nguvu, na kwa kuwa ilishika, ikaung'oa upande mmoja wakati upande wa pili unashuka. Nyuzi zikavutwa zikatoka vitanzini. Zote. Ncha za baba, mafundo, mtande mpya, robo ya nguo ya Mize, vikawa rundo moja sakafuni, na juu yake fito nne na vitanzi vitupu vikining'inia. Ile kamba aliyoifunga Vuai kukiokoa kitanda ndiyo iliyokimaliza.

Alifunga mlango. Watu walipouliza habari za nguo, alisema iko mbioni. Bi Mwaka, shangazi mkubwa wa Zuwena, ndiye aliyekuwa akiwafunika maharusi wa mtaa ule, na alikuja mwenyewe na mkongojo wake kutaka kuiona, kwa kuwa, alisema, anataka kuishika njia kabla macho yake hayajazimika. Vuai akasimama mlangoni akautanda mwili wake wote, akamwambia nguo isiyokwisha haionwi. Hakuna desturi kama hiyo. Aliitunga palepale. Bibi kizee akageuka akaenda zake, na Vuai aliingia ndani akaketi sakafuni kando ya rundo akalia. Alilia kwa sauti. Alimlilia baba yake, akamwomba radhi, akajiita muuaji. Mize aliingia akamkuta hivyo, ameshika ncha chache za uzi mkononi, anazipekua-pekua, anasema, "Hakuna pa kufungia. Mwanangu, hakuna tena pa kufungia."

Mize hakulia. Aliketi karibu naye, akamwondolea nyuzi mkononi, akauliza swali jingine. "Baba, na Bibi, yeye alifunga kwenye nini?"

Ndugu zangu, Vuai alikuwa ameishi na kitanda kile maisha yake yote, amekilinda dhidi ya paka na chafya, na swali hilo halikuwahi kupita kichwani mwake. Bibi hakufunga popote. Alikuja mbele ya fito tupu kama hizi, na bunda la nyuzi, na mikono yake.

Mize akaenda kwenye sanduku la mamaye, akatoa nguo ya harusi ya Zuwena. Vuai alipomwona ameshika na sindano alinyanyuka nusu. "Hiyo ni ya mama yako." Akajibu, "Ndiyo. Na yeye hatatuficha kitu." Akaitandaza mlangoni penye jua na kuanza kuifumua kutoka mwisho, mshindio mmoja baada ya mwingine, akiuchomoa kwa ncha ya sindano na kusoma kila uzi wa mtande umepita juu au umepita chini. Alikuwa akisema kwa sauti: juu, juu, chini, chini. Mstari unaofuata: chini, juu, juu, chini. Imesogea hatua moja. Unaofuata, imesogea tena. Huo mshazari uliosifiwa vizazi vyote haukuwa siri wala muujiza. Ulikuwa ni mpango ule ule unaosogea hatua moja kila mstari. Na nyuzi ambazo zilipanda pamoja kila mara zilikuwa za ufito mmoja. Wa kwanza ufito wa kwanza, wa pili wa pili, wa tatu wa tatu, wa nne wa nne, kisha unaanza tena. Mtoto wa miaka saba angeushika mpango huo kwa siku moja. Vuai aliuangalia akahisi uso unamwaka kwa aibu, kisha akahisi furaha, kisha aibu tena.

Nguo ya Zuwena ilizidi kufupika. Machano akaitwa, akaja na miti mipya, hakusema neno la kujivuna, Mungu amzidishie. Baba na mwana wakaanza kutega. Mmoja anatoa uzi, mwingine anaupitisha kitanzini. Na Vuai aliogopa bado, msidhani hofu inatoka kwa siku moja; aliogopa kila uzi, na kila alipomaliza safu alirudi kuikagua toka mwanzo. Wakaenda hivyo, moja, mbili, tatu, nne, mpaka walipokaribia pindo la kushoto, na Mize akasimamisha mkono. Akainama kwenye nguo ya mama yake. Akahesabu, akarudia. Akasema polepole, "Hapa palikosewa."

Pale mahali pa Njia ya Bibi, uzi uliostahili kuingia ufito wa pili ulikuwa umeingia wa tatu, na wa tatu umeingia wa pili. Nyuzi mbili zimebadilishana vitanzi. Hilo tu. Mshazari ukifika pale unajikwaa, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuzitoa nyuzi zile, umejikwaa mahali pale pale tangu Bibi alipochoka, au alipoitwa jikoni, au mtoto alipolia, na kidole chake kikachukua kitanzi cha jirani. Huenda aliliona kosa lake baadaye akasema, ah, sasa nani atafumua yote haya. Na watu wakalipa jina. Wakalitolea machozi na vigelegele.

Mize alishika nyuzi mbili kwenye vidole. Huyu ndiye aliyeingojea njia ile tangu alipokuwa analala chini ya kitanda. "Nizirudishe hivyo?" akauliza.

"Zirudishe," Vuai akasema haraka, kabla hajafikiri. "Zirudishe, watu watasema nini, Bi Mwaka atasema nini?" Mize akavileta vidole kwenye vitanzi. Vuai akavitazama vinavyokwenda. Akamwona mjukuu ambaye hajazaliwa, amelala chini ya kitanda hiki, macho juu, anauliza kwa nini. Na yeye Vuai, ambaye sasa anajua, atamjibuje? Ndivyo ilivyo? Baba yake alilibeba kosa lile bila kujua, na hakuwa na lawama. Yeye akilifuma leo, atakuwa anadanganya kwa mikono yake, shibiri kwa shibiri, na kila bibi harusi atakayelia akiishika njia ile atakuwa analilia uongo wa Vuai. Akasema, na sauti haikuwa na nguvu, "Ngoja. Pitisha panapostahili." Mize akamwangalia. Akapitisha. Wa pili ukaingia wa pili, na wa tatu ukaingia wa tatu.

Siku ya harusi Bi Mwaka aliipokea nguo kwa mikono miwili, mbele ya wanawake wote, Mize ameketi kwenye mkeka amejiinamia. Vuai alisimama kwenye korido, nyuma ya pazia, mahali ambapo baba hapaswi kusimama. Bibi kizee akapeleka kidole kwenye pindo la kushoto. Akakipeleka tena. Akaigeuza nguo, akajaribu pindo la pili. Vigelegele vilikuwa vimeshaanza, vikakatika kimoja kimoja. "Njia iko wapi?" akauliza. "Vuai! Najua uko hapo. Njia ya Bibi iko wapi?"

Akatoka nyuma ya pazia. Angeweza kusema ni makosa ya seremala. Angeweza kusema ni uzi wa siku hizi. Uongo ulikuja mdomoni tayari umevaa, na yeye alikuwa mzoefu. Akasema, "Shangazi, haikuwa njia. Nyuzi mbili zilikosewa zamani, na sisi tuliokuja nyuma tulikuwa tunafunga tu, hatuangalii. Mimi sikujua kutega. Binti yangu amenifundisha." Mwanamke mmoja akasema astaghafirullah kwa sauti ndogo. Bi Mwaka alikaa na nguo magotini, akiipapasa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa, maana naye alifunikwa nguo yenye njia, na mama yake, na kidole chake kilikuwa kimeikumbuka njia ile miaka yote. Machozi yakamtoka. Mwisho akamtazama binti aliyekuwa anangoja mbele yake, akainuka kwa mkongojo wake, akamfunika. Alimfunika vizuri, kona kwa kona. Kigelegele alichopiga kilikuwa chembamba na peke yake, kisha wengine wakamfuata.

Siwadanganyi kwamba mambo yaliisha vizuri. Mtaa uligawanyika. Wapo waliosema Vuai ameiua nguo ya wazee, na kwao nguo bila njia si nguo, na wanafumisha kwingine mpaka leo nguo za juu moja chini moja ambazo hazikuwa na njia tangu mwanzo, nendeni mkawaulize wenyewe mantiki yake. Wapo waliorudi. Vuai hakushinda mtu yeyote. Ila nguo iliyofuata ile ya Mize ilipokwisha, na kitanda kizima, miguu ya mti mpya, hakuna mchwa, Mize alikuja kumsalimu baba yake na kumkuta amesimama mbele ya ncha za mtande, kile kisu chake mkononi. Alikata ncha zote, akazivuta zikatoka vitanzini, zikaanguka sakafuni, na kitanda kikalala tupu. Akampigia hodi jirani mwenye watoto, akawachukua watoto, akamwita na yule kijana wa mtaa mwingine ambaye zamani alimkatalia, akawaketisha mbele ya fito tupu. Kisha akarudi nyuma, akaifunga mikono yake mgongoni ili asiwasaidie wakati mtoto wa kwanza anauchukua uzi na kuuliza uingie wapi.

Na nyinyi mnaonisikiliza, mmepokea sala, mmepokea heshima, mmepokea hata majina ya watu wa kuwachukia, na mkafunga fundo mkavuta. Siku kitanda chako kitakapoanguka, na kwenye vitanzi hamna ncha hata moja ya baba yako, utajua kutega?